Wakunga wafundishwe habari za Semmelweis

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwakumbushe wasomaji wako, hasa wakufunzi wa vyuo vya uuguzi na ukunga, habari za Ignaz Semmelweis, daktari mzaliwa wa Hungaria ambaye kanuni yake ya kunawa mikono tunaifuata kila siku kazini ilhali wengi wetu hatulijui hata jina lake.

Hospitali Kuu ya Vienna, alikoanza kazi mwaka 1846, ilikuwa na wodi mbili za uzazi zilizopokea akina mama kwa kupokezana siku. Katika ya kwanza, walikofundishwa wanafunzi wa udaktari, homa ya uzazi, yaani ambukizo linalompata mama baada ya kujifungua, iliua takriban mama 1 kati ya 10, ilhali katika ya pili, ya wakunga, vifo havikufikia nusu ya hivyo. Wajawazito wenyewe walilijua hilo, na wapo waliopiga magoti wakiomba wasilazwe wodi ya kwanza. Wakubwa wa kazi walisingizia hewa mbaya. Semmelweis alikataa, kwa kuwa wodi zote mbili zilivuta hewa ile ile. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kuchomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, na mwili wake ulipochunguzwa ukakutwa na madhara yale yale ya akina mama wale. Hapo ndipo alipoelewa kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda na mikono ile ile kuwapima wazazi, jambo ambalo wakunga hawakulifanya. Mwezi Mei akaagiza kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo, vilivyozidi asilimia 18 mwezi Aprili, vikashuka hadi karibu asilimia 2 mwezi Juni.

Madaktari wengi walimpinga, na mwaka 1849 alipoteza nafasi yake. Naye, kwa maoni yangu, alikosea kukaa hadi mwaka 1861 ndipo achapishe kitabu chake, kisha akawaandikia wapinzani barua za ukali uliowafukuza hata waliokuwa tayari kumsikiliza. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, kwa jeraha lililooza.

Nilifanya kazi leba kwa miaka mingi. Chuoni tulifundishwa kunawa mikono kama amri tu, na nimeshuhudia usiku wenye wazazi wengi amri hiyo ikiwa ya kwanza kuachwa, hata na watu wema waliochoka. Ndiyo maana nawasihi wakufunzi wasiishie kwenye hatua za kunawa, bali wawaeleze wanafunzi habari za wodi zile mbili, na takwimu za Aprili na Juni 1847 ziandikwe ukutani, juu ya kila bomba la leba.

Mkunga mstaafu,
Tanga