Kwa kaka wa mkokoteni pale Likoni

Kaka, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Mzee aliyeshikwa na kizunguzungu akishuka feri upande wa Likoni ni baba yangu. Ulishusha madafu yako kando ya njia, ukamlaza kwenye mkokoteni, ukamsukuma kupanda ule mlima mpaka zahanati. Nauli ukakataa.

Nikueleze uliyembeba. Baba aliingia jeshi la wanamaji, Mtongwe, mwaka 1978. Fundi wa injini, si afisa. Feri ilipozama hapo Mtongwe Aprili 1994 na watu zaidi ya 250 wakafa, nyumbani hatukumwona siku kadhaa. Aliporudi hakusimulia kitu, na mpaka leo hasimulii. Alipostaafu akawa anatengeneza mashine za boti za wavuvi, mama akichoma mahamri alfajiri. Ndivyo tulivyosoma sisi watano.

Sasa anatembea, na anabisha kwamba hakuanguka, eti "aliketi tu". Lakini kila akivuka anakutafuta kwa macho. Tumesikia madafu mengine uliyakuta hayapo. Njoo nyumbani tukulipe, kaka. Mahamri na mbaazi za nazi hazikosekani.