Mada ya Jumamosi: Bahari ya Shamu

Hamjambo wapendwa. Tukutane Jumamosi saa nane mchana, ukumbi ule ule wa Kaloleni. Tangu Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, waanze kushambulia meli Novemba 2023, kampuni nyingi zilikwepa Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na Mfereji wa Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Fikirieni parachichi la Murang'a lililopakiwa Mombasa kwenda Ulaya: njia ikirefuka kwa wiki mbili hivi, tunda linaiva baharini na mkulima ndiye anayeumia. Halafu Djibouti, nchi ndogo kando ya Bab el-Mandeb yenye kambi za kijeshi za Marekani, Ufaransa, Japani na China! Hapo ndipo nataka tukae sana, maana ni kanda yetu. Mwenye ramani kubwa aje nayo tafadhali.