Risala ya Wanachama wa SACCOS za Mkoa wa Kilimanjaro kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Vyama vya Akiba na Mikopo, Moshi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ambaye ni Mgeni Rasmi wetu. Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika. Wenyeviti wa bodi na mameneja wa SACCOS. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu mliofika kutoka Rombo, Hai, Siha, Mwanga na Same. Wanachama wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Alhamisi ya tatu ya mwezi Oktoba imekuwa siku ya vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, duniani tangu mwaka 1948, na leo tunaiadhimisha pamoja nawe. Karibu sana, na ahsante kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja kubwa, nalo ni hili: fedha ya mwanachama ikishakatwa kwenye mshahara wake, ifike kwenye chama chake kwa wakati. Kabla ya kulieleza, tunaomba turudi nyuma kidogo, ili uzito wake uonekane.

Mkoa huu uliujua ushirika wa mazao kabla ya ushirika wa fedha. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa kahawa waliunda chama chao cha KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wa mbele, ili kulinda haki yao ya kulima zao ambalo walowezi hawakutaka mwenyeji alilime. Sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa mwaka 1932, chama hicho kiliachia nafasi yake kwa KNCU (Kilimanjaro Native Cooperative Union), chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933. Babu zetu walipeleka kahawa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha kijijini, wakapokea malipo ya awali, kisha wakangoja malipo ya pili kahawa ikishauzwa. Walijenga nyumba za bati na kusomesha watoto kwa fedha hiyo, na hadi leo tunaishi ndani ya matunda yake.

Lakini ugonjwa, msiba na ada havikungoja malipo ya pili. Aliyebanwa katikati ya mwaka alikwenda kwa mfanyabiashara, akauza kahawa ingali mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Chama cha mazao kilimpa mkulima soko na hata pembejeo kwa mkopo, ila hakikumpa mahali pa kuweka shilingi zake mwenyewe na kuzikopa siku ya shida.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kurudi kwake kulisubiri sheria ya mwaka 1982. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi mali iliyojengwa kwa kahawa yao ilivyoondoka mikononi mwao bila wao kuulizwa. Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa vijijini, mkulima alipata pa kuuza pengine, na chama kilichokuwa kimemkopesha mbolea na dawa hakikuwa tena na njia ya kukata deni lake kwenye mzigo. Mikopo ya pembejeo ikafa. Wakati huohuo matawi ya benki vijijini yalikuwa yakifungwa.

Hapo ndipo SACCOS zilipokita mizizi mkoani kwetu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1991 ilikuwa imerudisha vyama mikononi mwa wanachama, na mwaka uliofuata, 1992, vyama vya akiba na mikopo vya nchi hii vikaunda muungano wao, SCCULT. Walimu walianzisha vyao, wauguzi vyao, wafanyakazi wa viwandani vyao, na wakulima wakaanzisha vyao pembeni ya vyama vya msingi vya kahawa, mara nyingi katika jengo lilelile. Vyama vya msingi vya mkoa huu vilithubutu hata kuanzisha benki yao, Benki ya Ushirika Kilimanjaro, katikati ya miaka hiyo ya 1990. Benki hiyo ilipita kwenye vipindi vigumu sana, lakini haikufa. Juu ya msingi wake ndipo imesimama Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan. Tunalitaja hilo kwa fahari, kwa sababu mbegu ya benki ya taifa zima ilipandwa hapa Moshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tueleze kinachofanyika kwenye vyama hivi kila siku. Mtu hujiunga kwa kulipa kiingilio na kununua hisa. Baada ya hapo huweka akiba kila mwezi, na akiba hiyo ndiyo kipimo cha mkopo wake. Vyama vyetu vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo mwalimu mwenye akiba ya shilingi 2,000,000 anaweza kuomba hadi shilingi 6,000,000, mradi mshahara wake unabeba marejesho. Kuna amana, ambazo mwanachama huchukua anapozihitaji. Kuna mkopo wa dharura wa kumtoa mtu hospitalini, mkopo wa elimu unaogombewa kila Januari, mkopo wa maendeleo wa kujenga au kununua ng'ombe wa maziwa, na kwa wakulima mkopo wa pembejeo unaorejeshwa kahawa ikilipwa. Vyama vingi vina pia kinga ya mkopo, ambayo mwanachama akifariki hulipa deni lake, ili wafiwa wasikabidhiwe daftari la madeni siku ya matanga. Mwaka ukifungwa na ziada ikapatikana, mkutano mkuu ndio unaoamua gawio, na katika mkutano huo mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache wote wana kura moja moja.

Tunaomba tukae kidogo kwenye suala la dhamana, kwa sababu ndipo thamani ya SACCOS inapoonekana. Ardhi ya huku juu ni vihamba. Kihamba ni cha ukoo, hurithiwa na mtoto wa kiume, pamezikwa wazee pale, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuona kimepigwa mnada. Mwanamke analima kihamba miaka thelathini, anakamua ng'ombe, anauza ndizi kwenye masoko ya Mwika na Kiboriloni, lakini akienda kuomba mkopo anaulizwa hati yenye jina lake. Hana. Kwenye SACCOS anaulizwa mambo mawili: akiba yako ni kiasi gani, na nani wanakudhamini? Wadhamini wake ni wanachama wenzake wanaoweka akiba zao rehani kwa ajili yake. Wanajua kama ng'ombe wake anatoa maziwa kweli na kama deni lake la mwisho alilimaliza. Kwa njia hiyo Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima wa Ujerumani mwaka 1864 huko Heddesdorf, jirani akimdhamini jirani. Barani kwetu, mwaka 1955, watu wa Jirapa kaskazini mwa Ghana waliianza safari hiyohiyo wakiwa na padri wao. Kwa mama wa Marangu au Usangi, dhamana ya namna hii imefungua mlango ambao sheria za mirathi na taratibu za benki zilimfungia.

Asiye na chama anaangukia wapi? Kwenye kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye masharti ya kuumiza, Mheshimiwa. Anakopa asubuhi, marejesho ni kila siku au kila wiki, akichelewa wanabeba kochi na televisheni mbele ya watoto. Wengine wanakopa kwenye simu, na deni likichelewa ndugu na marafiki wote wanatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni bila leseni. Tunaipongeza. Sisi tumekubali kupewa leseni na kukaguliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ingawa masharti yake yamekuwa mazito kwa vyama vidogo, tunaamini mwenye akiba amelindwa zaidi kuliko zamani. Ni haki na wengine wanaoshika fedha za watu wabanwe vivyo hivyo.

Sasa tunafika kwenye ombi letu. Wanachama wetu wengi ni watumishi na wafanyakazi wanaokatwa mshaharani. Hati ya mshahara inaonyesha makato ya SACCOS yametoka. Wapo waajiri, hatuwataji hapa, ambao fedha hiyo hukaa kwao mwezi mmoja, miwili, hata zaidi, ikifanya kazi nyingine. Madhara yake hayaishii kwenye vitabu. Mwanachama aliyelipa kila mwezi anasomeka kuwa mdaiwa sugu, na wadhamini wake wanapigiwa simu. Chama kinalazimika kutenga fedha kwa ajili ya mkopo chechefu, yaani unaohesabiwa kuwa haulipwi, ambao kwa kweli umelipwa. Anayefuata kwenye foleni anaambiwa mfuko umekauka, naye ana mgonjwa hospitali ya KCMC. Tumeona watu waaminifu wakijitoa chamani kwa hasira, wakidhani viongozi wao wamekula, wakati viongozi nao wanazunguka maofisini na barua za kukumbushia. Fedha hiyo si ruzuku wala msaada. Ni jasho la mtu ambalo tayari ameshaliachia.

Tunakuomba, Mheshimiwa, kupitia ofisi yako waajiri wote mkoani waelekezwe kuwasilisha makato mwezi uleule yanapokatwa, na Mrajis Msaidizi akuletee kila robo mwaka orodha ya wanaochelewesha. Tukiwa na orodha hiyo mezani kwako, tunaamini nusu ya tatizo itakuwa imekwisha bila kwenda mahakamani.

Pamoja na hilo tunaomba mambo mawili madogo. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapahapa Moshi. Tunaomba kiwafikie wajumbe wa bodi na kamati za usimamizi za vyama vya vijijini, wengi wao wakulima wa kawaida wanaosimamia fedha nyingi bila mafunzo ya kutosha. Na vijana wa bodaboda na wa masokoni wasaidiwe kujiunga na SACCOS zilizopo, badala ya kila kikundi kuanzishiwa chama kipya kisichofikisha masharti ya leseni.

Kwa upande wetu tunaahidi kufunga hesabu kwa wakati, kufungua milango kwa wakaguzi, na kuwasomea wanachama taarifa ya ukaguzi yote, hata kurasa zisizopendeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Desemba inakaribia na watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko watapanda kuja nyumbani. Vyama vyetu vitakuwa wazi kuwaandikisha. Tutafurahi sana kama siku moja utapita katika chama chochote kati ya vyetu bila taarifa, ukae na karani, uone daftari.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa SACCOS za Mkoa wa Kilimanjaro