Mapishi ya sikukuu mtuandikie na sisi wa jiko la mkaa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi nizungumzie haya mapishi ya biskuti za sikukuu ambayo magazeti yetu yanatuwekea kila ikifika Desemba, maana kwa kweli yananiumiza roho. Picha zinapendeza, lakini mstari wa kwanza tu unaambiwa washa oveni nyuzi joto 180, sasa mama wa Igoma au Mabatini au Buhongwa anayepikia mkaa afanyeje hapo, si anafunika gazeti anaenda kununua paketi za biskuti dukani na watoto wanaendelea kukodolea tivii. Na watoto ndo hao wamejaa, shule zimefungwa, wa kwako wapo na wa ndugu wameletwa na boti kutoka Nansio, kutwa nzima wanaambiwa tokeni jikoni mtaungua.

Ombi langu ni mtuandikie mapishi ya kufanya na watoto wadogo kwa jiko hilihili tulilonalo. Inawezekana kabisa, mi kila Krismasi naoka hivyo na watoto wa nyumbani na biskuti zinatoka nzuri tu.

Mfano hizi zetu. Unga wa ngano vikombe vitatu, siagi ya kopo robo kilo, sukari nusu robo, iliki ya kutwanga na chumvi kidogo sana, basi. Mayai hakuna, na hilo ni la makusudi, mtoto wa miaka mitatu huwezi kumzuia asilambe vidole na yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela vya kumharisha mtoto vibaya. Hata unga mbichi wenyewe sio wa kulamba, ngano imesagwa tu haijaona moto, kwahiyo tunakataza na mikono tunanawa kabla na baada, ila angalau hatari moja tumeshaitoa mezani.

Siagi na sukari vinasuguliwa kwa mwiko mpaka vinakuwa vyeupe laini, afu unga unaingia kidogo kidogo na mkono unamalizia. Mwanzoni utaona havishikani kabisa, na hapo ndo watu wengi wanamwagia maji, matokeo yake biskuti inakuwa ngumu inavunja meno. Jamani msimwage maji. Endeleeni kufinya tu, joto la viganja linalainisha siagi na donge linakuja kushikana lenyewe kama mchanga wa ziwani uliolowa. Kazi hiyo ya kufinya ni ya watoto, tena viganja vidogo vinaiweza kuliko mashine. Kusukuma unatumia chupa ya soda iliyooshwa vizuri, kukata ni glasi.

Mwaka jana mtoto wa mdogo wangu, ana miaka minne, alipewa kizibo cha soda awe anagandamiza juu ya kila biskuti, yale meno ya kizibo yanaacha alama ya ua. Alikaa kwenye mkeka ulimi nje pembeni ya mdomo, anabonyeza, ananyanyua, anaangalia kama ua limetoka, anahamia nyingine, hakuruka hata moja mpaka sinia likaisha. Mtoto huyo huyo ndo tunaambiwa hatulii. Kaka yake wa darasa la pili alikuwa mtu wa vipimo, na habari ya robo mbili kuwa nusu ambayo kwenye daftari ilikuwa inamliza aliimaliza palepale kwa kikombe na sukari.

Nimesema kaka yake makusudi. Bado kuna wazazi wanamfukuza mtoto wa kiume jikoni eti atakuwa nani, mi naona wanamnyima haki yake, kesho kutwa ataenda chuo Nyegezi huko apange chumba, nani atampikia. Isitoshe huku Usukumani mambo haya sio mageni, wakati wa viazi kuna mtoto gani alikuwa hakai na bibi yake akisaidia kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juani, wa kike na wa kiume wote, na hakuna aliyesema watoto wanasumbua.

Sasa moto, na hapa ndo mapishi yenu yananyamaza. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga chini mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili hivi, funika na mfuniko bapa wa bati, weka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, iache ipate joto dakika kumi ndo uingize biskuti kwenye sahani ya bati. Mkaa wa chini ukizidi zinaungua tako huku juu bado mbichi. Baada ya robo saa funua uangalie, pembeni zikianza rangi ya dhahabu zitoe, hata kama ukibonyeza unaona laini. Biskuti inakuwa ngumu ikishapoa, anayesubiri ikauke motoni anatoa makaa.

Kazi ya moto ni ya mkubwa peke yake. Sisi tunachora mstari wa chaki sakafuni barazani, mtoto havuki, na akivuka kazi inasimama kwa wote. Akiungua kwa bahati mbaya ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, sio dawa ya meno wala asali wala ute wa yai, afu kama jeraha ni kubwa au lipo usoni au kiganjani ni hospitali moja kwa moja. Lingine ambalo naomba mliandike kwa herufi kubwa kabisa, Desemba huku Mwanza mvua zinanyesha, ikianza tu mtu anaingiza jiko ndani na kufunga mlango ili watoto wasilowe. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, mtu anasikia usingizi tu na kichwa kuuma ndo basi tena, familia zinapotea hivihivi. Mvua ikija jiko linabaki barazani penye hewa, kama baraza hakuna basi biskuti zitaokwa kesho, donge lililofunikwa vizuri halina shida kulala mpaka asubuhi.

Kwahiyo Mhariri, hata ukurasa nusu kwa wiki unatosha kipindi chote cha likizo. Wiki moja biskuti hizi, nyingine vileja vya unga wa mchele ambavyo wenzetu wanatengeneza Idi, nyingine za kuchanganya viazi lishe maana vinapatikana sokoni na vina vitamini A, na kila pishi lionyeshe kazi ipi ni ya mtoto wa miaka mitatu, ipi ya miaka sita, ipi ya mama au baba. Vipimo viwe vya kikombe na vya dukani, robo, nusu robo, sio gramu, mizani tunayo wangapi. Mkianza kuyatoa mwishoni mwa Novemba itatusaidia zaidi, tununue siagi na unga mapema kabla Krismasi haijapandisha bei.

Mama wa watoto watatu,
Igoma, Mwanza