Barua kwa mwanangu: Wale aliowaacha wako wapi?

Kihonda, Morogoro
Jumapili usiku

Mama,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumatano nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yako, naye akapiga kigelegele, eti mtoto amekua hadi anachagua mwalimu wake. Mara tatu zilizobaki nilikuwa peke yangu kibarazani, na furaha ikapungua kila mara. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu wewe hunishinda maneno, na bando huisha pale ninapoanza kufika kwenye jambo lenyewe.

Kwanza hongera. Timu nzima ya kikapu ya wanawake ya chuo chenu huko Marekani, wachezaji watatu tu wameitwa kukaa na kamati ya kutafuta kocha mpya, na mmoja wao ni wewe. Nimeshamwambia kila mtu, mpaka muuza maji. Lakini mwishoni mwa ujumbe, ukiwalinganisha wale makocha wawili wanaofikiriwa, ulisema, tena ukicheka: "Baba, huyu wa kwanza anashinda. Hayo mengine huku kila mtu anafanya." Hapo ndipo nilipokwama.

Hayo mengine uliyapitia mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kwamba chuo alichotoka kilichunguzwa kwa sababu wachezaji walikuwa wakiandikiwa kazi zao za darasa. Kwamba aliondoka uchunguzi haujaisha. Kwamba yeye mwenyewe hakukutwa na kosa. Sawa, sikatai. Nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka ulichoke: wale wasichana aliowaacha kule, wako wapi sasa hivi?

Hesabu yako naijua. Umebakiza msimu mmoja wa kucheza. Timu yenu haijawahi kuingia mashindano yale ya Machi ya ubingwa wa vyuo, yanayosimamisha nchi nzima. Huyu wa kwanza ameshazifikisha timu zake huko, yule wa pili hajafika hata mara moja, ingawa umesema mwenyewe kwamba wachezaji wake wanamaliza shahada zao karibu wote. Na mimi sijifanyi mtakatifu: ningependa sana kukuona kwenye televisheni, majirani wamejaa sebuleni, na mama yako akiomba Mungu kwa sauti kila ukisimama kwenye mstari wa mitupo huru. Kwa hiyo usidhani nakuambia ushindi ni kitu kidogo. Huku tunafukuza makocha wa Simba na Yanga kwa sare mbili, nani atujie na mahubiri ya kuvumilia?

Wiki nzima nimekuwa nikisoma kwenye simu uliyoniletea, miwani puani, hadi mama yako kanituhumu nina mchepuko. Nimesoma habari za chuo cha Baylor, kule Waco, Texas. Najua ni timu ya wanaume, usinikatize. Kiangazi cha 2003 mchezaji wao mmoja, Patrick Dennehy, aliuawa kwa risasi, na aliyekiri baadaye na kufungwa miaka 35 alikuwa mchezaji mwenzake, Carlton Dotson. Hilo peke yake ni msiba. Lililoninyima usingizi ni la baada ya msiba. Ada ya marehemu ilikuwa ikilipwa na kocha, Dave Bliss, kinyume cha sheria za NCAA, chama kile kinachosimamia michezo ya vyuo. Watu walipoanza kuuliza ile ada ilitoka wapi, kocha akawaelekeza wasaidizi wake na wachezaji waseme kijana alikuwa akiuza dawa za kulevya. Hata miezi miwili haijapita tangu kijana auawe. Nani angemjibia?

Msaidizi mmoja, Abar Rouse, aliingia kwenye kikao na kinasa sauti mfukoni akamrekodi. Ndivyo ukweli ulivyotoka. Na sasa sikiliza sehemu ambayo mwalimu mwingine angekuficha: huyo aliyesema kweli ndiye aliyehangaika kupata kazi ya ukocha miaka iliyofuata. Bliss aliwekewa vikwazo vya miaka 10, na vilipomalizika mwaka 2015 chuo kimoja kidogo cha Oklahoma kikampa timu. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mwema hulipwa palepale.

Baada ya Bliss, Baylor walimchukua kijana wa miaka 32 aitwaye Scott Drew, timu ikiwa magofu na adhabu zinakuja. Alichukua ubingwa mwaka 2021, akiwafunga Gonzaga 86 kwa 70, na Gonzaga walikuwa hawajapoteza hata mechi moja msimu ule. Piga hesabu, ni miaka 18. Wewe huna miaka 18, una miezi. Naye Drew si malaika, maana mwaka 2012 alifungiwa mechi mbili kwa sababu timu yake ilipitiliza kuwapigia simu na kuwatumia ujumbe vijana waliotaka kuwasajili. Ndiyo nasema sikutafutii malaika. Natafuta mtu ambaye nikiuliza aliowaacha wako wapi, jibu halinishtui.

Utaniambia, baba, mbona Hasheem? Ninyi vijana wa kikapu wa nchi hii kila hoja inaishia kwa Hasheem Thabeet. Haya, tumchukue yeye. Kaenda chuo cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi yao ya kulipwa, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, jambo ambalo mjomba wako hulitaja kila tukikutana kwenye harusi kana kwamba alichagua yeye. Calhoun alikuwa mshindi kwelikweli. Februari 2011 NCAA ilimfungia mechi tatu kwa makosa ya kumsajili mchezaji mwingine kabisa, na Aprili ya mwaka huohuo akabeba ubingwa wake wa tatu. Hapo upande wako unashangilia, sivyo? Sasa endelea kusoma. Alama za masomo za timu yake zilikuwa chini kwa miaka kadhaa, ndipo timu ikazuiwa isicheze mashindano ya Machi 2013. Kocha alikuwa amestaafu Septemba iliyotangulia. Walioketi nyumbani wakitazama wenzao ni wale waliokuwa wamebaki kikosini, kwa makosa ambayo mengi yalitangulia kuja kwao. Wengine walihama. Waliovumilia walichukua ubingwa mwaka 2014, hilo nalikubali, lakini ule msimu mmoja haukurudi. Na msimu mmoja ndio ulio nao wewe.

Chuo cha Louisville ni hivyohivyo. Ubingwa wao wa 2013 ulifutwa Februari 2018, bendera ikashushwa. Kocha wao, Rick Pitino, alifukuzwa Oktoba 2017, lakini Machi 2020 alikuwa ameshapata chuo kingine, na 2023 kingine kikubwa zaidi. Makocha hupata vyuo vingine, mama. Wewe uko huko kwa viza ya mwanafunzi na ufadhili unaosainiwa upya kila mwaka. Kocha akija na wachezaji wake wa usajili, kama ulivyonieleza kwamba siku hizi wanakuja nao kama mtu anayehama na vyombo vyake, nani atakayetolewa? Wewe hukai huko kwa kupenda, unakaa kwa barua ya chuo. Hili ndilo linaloniamsha saa tisa usiku, si maadili ya Wamarekani.

Na usiniambie lazima uchague kimoja uache kingine. Kwenu wanawake alikuwepo kocha Pat Summitt wa chuo cha Tennessee. Alipewa timu akiwa na miaka 22, siku zile akifua jezi mwenyewe, akakaa misimu 38, mataji manane, ushindi 1,098, na kila msichana aliyemaliza muda wake wa kucheza pale aliondoka na shahada. Wote. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza aliowaacha wako wapi, anakutajia majina na kazi zao. Najua kwamba Summitt hawauzwi dukani, na hao wawili wenu hakuna aliyekaribia. Lakini yule wa pili wasichana wake wanamaliza, umesema mwenyewe. Mbona ulilisema kama aibu yake?

Kuna jambo jingine nilisema nisiliandike. Ile picha ya sebuleni, ya timu yangu ya shule na kikombe cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, 1996. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza yule mrefu wa nyuma kushoto ni nani, nikakwambia nimemsahau. Sikumsahau. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, ana mke na mtoto anayetembea. Jina alilochezea lilikuwa la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa amefanya mazoezi na sisi tangu Januari, pekupeku, kwenye uwanja ule wa vumbi. Asubuhi ya safari nilimwambia yule kijana abaki, maana jina lake limeshapanda basi. Mkuu wa shule alijua. Shule zote zilikuwa na mamluki, ndivyo tulivyoambiana, na huenda ilikuwa kweli.

Huyo kijana sasa ni mtu mzima mwenye mvi, ana genge la nyanya sokoni. Akiniona ananiamkia, "Shikamoo mwalimu," na kila mara ananiongezea mbili juu ya fungu. Hajawahi kusema neno. Wala mimi. Sijui kama alimaliza kidato cha nne, sikuwahi kuuliza. Mama yako anashangaa kwa nini siku hizi namtuma yeye nyanya.

Basi, tuyaache hayo.

Fanya hivi. Mkikaa na yule wa kwanza, usimuulize kuhusu ule uchunguzi, atakuwa amejiandaa na jibu lililonyooshwa kwa pasi. Mwombe majina ya wachezaji wawili ambao hawakumaliza kwake. Wawili tu. Uwatafute wewe mwenyewe, si kamati. Uone sura yake unapomwomba. Halafu fanya hivyohivyo kwa yule wa pili, kwa sababu timu inayoshindwa nayo ina watu wanaoumizwa, na upole wa kocha si cheti cha uaminifu. Nimefanya kazi na walimu wapole sana walioiba chaki.

Ukishawapigia na bado ukamtaka wa kwanza, sitakulaumu. Ukimtaka bila kuwapigia, nitakulaumu, na unajua mimi hulaumu kwa muda mrefu. Labda utasema kura ya wachezaji watatu ni pambo, wataamua wakubwa wa chuo na wenye fedha zao. Inawezekana. Mimi nimeombwa maoni ya namna hiyo miaka thelathini kazini, nikawa nanyamaza kwa sababu hiyohiyo. Sema yako, waandike kwenye kumbukumbu zao au wasiandike.

Na umpigie mama yako. Wiki ya tatu hii. Unatuma ujumbe kwangu halafu mimi ndiye niwe redio ya nyumba. Goti lake limepata nafuu. Alikwenda Dar kwa treni ya SGR kumwona daktari na kurudi siku hiyohiyo, na sasa hazungumzi habari za goti bali za treni. Mdogo wako anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, anasema anasoma, taa inawaka, sauti ya muziki nayo inasikika. Mwembe wa nyuma nimekata tawi moja lililokuwa linagonga bati. Jirani anadai embe zilizoanguka upande wake ni zake. Nimemwachia, sina nguvu ya kesi.

Zile dola mia ulizotuma zimefika. Hatujanunua bati. Tumeziweka, maana sijui mambo ya huko yatakwendaje mwezi ujao, na nauli ya kurudi nyumbani ghafla si kitu cha kutafuta siku moja. Usikasirike. Mimi ni baba, nawaza mabaya ili wewe upate nafasi ya kuwaza mazuri.

Tunapaka rangi sebule, kwa hiyo picha zote ziko chini, zimeegemezwa ukutani. Mama yako anauliza zirudi vilevile au tubadilishe. Nimemwambia tusubiri.

Baba yako

N.B. Mdogo wako anasema viatu namba 44, si 43 kama nilivyokutumia. Na ule ujumbe wa sauti usiurudie kwa mjomba wako, ameshaanza kuwaambia watu kwamba wewe ndiye kocha.