Barua kwa mwanangu anayehamia Dodoma

Mama,

Barua hii nimeitia chini ya ndizi alizokuletea kondakta ili uikute ukiwa umetulia, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, "Baba, nitakupigia."

Shangazi yako ndiye aliyeniambia kwamba umepata kazi Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Jumatatu unaripoti. Shangazi! Mimi niliyegonga mihuri mahakamani miaka 31, habari ya sheria nyumbani kwangu naletewa na shangazi yako, tena kanisani, kwaya ikiimba. Haya, yamepita. Wakili wa Serikali Daraja la II. Nimelitaja jina hilo kwa kila aliyepita hapa getini, hadi mama yako ameniambia inatosha.

Sasa nisikilize. Neno langu ni moja: usimshauri mtu kwa mdomo. Andika, weka tarehe, tia kwenye jalada.

Utasema wewe ni mdogo, juu yako kuna ngazi nyingi hadi kumfikia Mkuu mwenyewe. Sawa. Lakini ushauri wa Mkuu haushuki na mvua, unaanzia mezani kwa mtu kama wewe. Mkataba unaletwa muukague kisheria Ijumaa saa kumi jioni, kurasa mia na kitu, kisha simu inalia: mkubwa anasafiri kesho, sema tu hauna tatizo, mengine tutarekebisha. Simu hiyo haijapigwa bado, na mimi tayari inaniamsha usiku.

Novemba 2014 ulikuwa bwenini. Sisi tulijazana kwa fundi viatu nyuma ya stendi, redio juu ya kopo la gundi, Bunge likijadili fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, zile za mgogoro wa umeme zilizotolewa Benki Kuu. Fundi aliacha kushona, sindano ikabaki imening'inia kwenye soli. Mwezi uliofuata Jaji Frederick Werema, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, akajiuzulu, akisema ushauri wake kuhusu fedha hizo haukueleweka. Mimi si wa kumhukumu. Ila neno hilo liliniganda. Kama ushauri wa mtu aliyekuwa jaji unaweza kusemwa haukueleweka, wa kwako wewe wa mwaka wa kwanza, uliotolewa kwenye korido, utaeleweka na nani?

Isome tena Ibara ya 59 ya Katiba, na safari hii usiisome kama mtu wa mtihani. Mwanasheria Mkuu anateuliwa na Rais, na Rais anaweza kuufuta uteuzi huo. Hata asipoufuta, kazi inakoma mara tu kabla ya Rais mteule kushika madaraka. Jaji wa Mahakama Kuu anajua ana hadi miaka 60. Mkurugenzi wa Mashtaka naye Ibara ya 59B inasema atakuwa huru. Huyu Mwanasheria Mkuu wenu anahudhuria Baraza la Mawaziri, anaingia Bungeni kama mbunge kwa wadhifa wake, halafu ndiye anayetakiwa kumwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja. Na nyinyi ndio mtakaotumwa kupanda juu kutazama tundu.

Zamani yote yalikuwa chini ya kofia moja ya Mwanasheria Mkuu, mashtaka humo, kesi za madai humo. Mwaka 2018 wakagawanya. Mashtaka yakapewa ofisi yake, kesi za madai na usuluhishi zikaenda kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Kwenu kumebaki ushauri, mikataba na uandishi wa miswada. Yaani karatasi. Mtu wa karatasi akifanya kazi kwa mdomo, mwanangu, ana nini cha kujitetea?

Mwanasheria Mkuu wa kwanza baada ya Uhuru alikuwa Mwingereza, Roland Brown. Huyo ndiye Mwalimu aliyemwita kimyakimya mwaka 1964 aandike Hati za Muungano. Upande wa Zanzibar kulikuwa na mwanasheria mkuu wao, Wolfgang Dourado, na mwenyewe alikuja kusema hakushirikishwa. Mpaka leo watu wanabishana hati zile zilipitaje. Mwaka 1965 ndipo akaja Mtanzania wa kwanza, Mark Bomani, akakaa hadi 1976. Baadaye alikuwa hapo hapo Arusha unapofungasha sasa, kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, akimsaidia Mwalimu na kisha Mandela. Basi usiingie ofisi ile kama anayeingia dukani.

Mama yako huuliza kwa nini sokoni sinunui ndizi upande wa juu, wakati ndio wenye bei nzuri. Huko anauza mjane mmoja. Kesi yake ya shamba ilikuwa mezani kwangu, nikaambiwa jalada lake liwekwe pembeni kidogo. Niliambiwa kwa mdomo, na mimi nikaliweka kwa mikono yangu, chini kabisa, kwenye kabati la pili. Kila Alhamisi alikuja, nikampa kiti, nikamwambia jalada halijaonekana. Alikuwa akinishukuru kwa kiti. Aliyenituma alihamishwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alinituma. Palipo na maandishi ni kwenye rejista, mwandiko wangu, "halijaonekana", Alhamisi tisa. Usimwambie mama yako.

Andika, mwanangu. Wakikucheka kwamba una mambo ya kikarani, sema umerithi.

Desemba hukuja. Sisemi kitu, ila mbuzi tuliyekuwekea tulimla na majirani, na kiti chako alikalia yule jirani anayeombaomba mbegu. Mdogo wako anapata kipaimara mwezi wa nane, omba ruhusa mapema, nayo kwa maandishi. Ng'ombe amezaa jike. Goti la mama yako limetulia tangu aache kubeba majani, sasa nabeba mimi, na sasa goti ni langu. Ada ya muhula wa pili nimelipa nusu. Ukipata mshahara wa kwanza usitume wote, nunua blanketi, Dodoma usiku wa Juni na Julai kuna baridi ya upepo ambayo watu wa mlimani huidharau.

Parachichi zilizo juu zimeiva, zile nane za chini zisubiri hadi Alhamisi. Kahawa ni ya kwetu, mama yako ameikaanga jana. Chupa ya asali nimeifunga ndani ya soksi zako za shule, fungua taratibu. Na umeondoka na ufunguo wa kabati la vyombo, tunakula kwenye sahani za plastiki. Mpe kondakta huyu huyu.

Baba yako