Risala ya Wafanyakazi wa Karakana kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Usalama na Afya Kazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkurugenzi Mtendaji na menejimenti,
Viongozi wa chama cha wafanyakazi,
Familia zetu mliotusindikiza,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Miaka iliyopita risala zetu zilihusu kofia ngumu, glavu na vizima moto. Tuliomba, tukapewa, na tunashukuru. Mwaka huu kamati ya usalama ilipotuuliza tuseme nini mbele yako, mama mmoja wa zamu ya usiku alisimama akasema, "Tuseme lile tunalolijua wote." Hakuna aliyemuuliza ni lipi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazungumzia pombe na dawa za kulevya kazini.

Karakana yetu ina daftari la makabidhiano ya zamu. Anayeingia anaandika saa na hali ya mashine, anatia saini. Anayetoka naye vivyo hivyo. Mwaka jana foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, iligonga rafu ya vipuri ikaiangusha yote. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa chini yake. Kamati ililipitia daftari ukurasa kwa ukurasa ikitafuta habari za breki. Breki zilikuwa nzima. Kilichoonekana ni mwandiko wa dereva. Asubuhi herufi zake zilitetemeka kana kwamba ameandika ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Jioni ya siku hiyohiyo zilikuwa zimenyooka. Miezi minne hivyo.

Sisi tulisema ni umri, au baridi ya alfajiri. Muuguzi wa zahanati yetu alipooneshwa alinyamaza kidogo, kisha akatueleza. Mwili uliokwisha kuizoea pombe, ukikaa saa kadhaa bila kuipata, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa utulivu. Ukipata kidogo, hutulia. Kwa lugha ya mtaani, mwenzetu alikuwa anazimua. Kwa hiyo zile saa alizoonekana mzima kuliko sisi sote ndizo saa alizokuwa amekunywa. Chupa yake ya maji haikuwa ya maji.

Humohumo daftarini mlikuwa na aibu yetu. Jumatatu saba saini yake ilitiwa na mkono usio wake. Tatu kati ya hizo nilizitia mimi ninayeisoma risala hii. Wengine walikuwa wakimnong'oneza kwamba msimamizi anakuja. Wengine walimpa pipi za mnanaa. Tuliuita huo utu.

Si kwamba tulikuwa hatuogopi ajali. Ukutani pametundikwa kibao: "Atakayekutwa amelewa atafukuzwa kazi papo hapo." Kibao hicho ni cha siku nyingi kuliko wengi wetu hapa, na waliofukuzwa kwacho ni wawili tu. Si kwa sababu walevi walikuwa wawili. Ni kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mtu aliyekata riziki ya mwenzake, mwenye watoto wanaosoma na watoto wake. Ukali wa adhabu ndio uliotufunga midomo, nasi tukakaa kimya hadi rafu ikaanguka.

Mheshimiwa, upo mfano mkubwa kuliko wetu. Tarehe 4 Januari 1987, pale Chase, Maryland, nchini Marekani, injini tatu za treni ya mizigo zilipita taa za kusimama na kuingia kwenye reli ya treni ya abiria iliyokuwa inakuja kwa kasi. Watu 16 walikufa. Dereva wa injini hizo alikuja kukiri kwamba yeye na mwenzake walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 Marekani ikatunga sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafirishaji. Lakini jambo lililotukaa sisi moyoni ni dogo: ndani ya injini mlikuwa na filimbi ya tahadhari, na ilikuwa imezibwa kwa utepe ili isipige kelele. Hapa kwetu utepe ulikuwa sisi.

Sasa, hatuombi kugeuzwa askari wa kunusana midomo. Muuguzi alitutia hofu ya haki juu ya hilo. Mgonjwa wa kisukari akishukiwa na sukari huyumba, hutoka jasho, huongea ovyo, pengine hugomba. Ukimfungia stoo ili "alevuke" unaweza kumkuta amekufa. Kiharusi kinaweza kufanana na ulevi. Pigo la kichwa pia, na hata dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi. Kwa hiyo anayebadilika ghafla apelekwe kwanza zahanati, maswali ya nidhamu yafuate.

Tunachojifunza kukitazama ni mtu kuacha kuwa yule tuliyemzoea. Aliyekuwa makini sasa anarudia kazi mara mbili. Hakosi kuumwa siku inayofuata mapumziko au mshahara. Anapotelea msalani au maegeshoni. Anakwepa kusimama karibu na mtu. Anakopa, hasemi cha nini. Vijiajali vidogovidogo vinamfuata yeye tu. Dawa nazo zina sura tofauti: heroini humsinzisha mtu akiwa amesimama, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, kokeini na vidonge vya kuchangamsha hupanua mboni, hufungua mdomo, huondoa usingizi, kisha mtu huporomoka. Na wapo walioanza kwa cheti cha daktari. Mgongo ukiumia kwa kunyanyua vyuma unapewa vidonge vikali vya maumivu. Mgongo unapona, vidonge haviachiki. Huyo hajioni kuwa mraibu, na arosto yake, yaani mateso ya mwili unaokosa vidonge ulivyovizoea, huiita homa.

Tulikuwa na ujinga mwingine tuliouacha wiki hii. Tuliamini kahawa nzito na kuoga maji baridi vinaondoa pombe. Vinaondoa usingizi tu. Ini huondoa takriban kipimo kimoja cha kileo, kama glasi moja ya bia ya kawaida, kwa saa, na halina haraka kwa ajili ya msimamizi. Aliyeanza saa nne usiku akanywa vipimo 10, mwili wake unakaribia kumaliza saa mbili asubuhi. Zamu yetu inaanza saa moja. Tulipopiga hesabu hiyo ukumbini, wengi tulitazama chini.

Turudi kwa mwenzetu. Msimamizi hakumwita mlevi. Alimkalisha ofisini, akafunga mlango, akamfungulia daftari mahali palipowekwa alama. Akamsomea tarehe: siku hii hukuja, siku hii uliondoka kabla ya saa, siku hii rafu. Mwenzetu akapitisha kidole juu ya ukurasa mmoja wa asubuhi, akauliza, "Hii nimeandika mimi?" Halafu akaapa kwamba anaacha leo hii hii, asipelekwe popote.

Muuguzi akakataa. Wengi hatukulijua hili: aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akikatisha ghafla bila uangalizi wa daktari, anaweza kupata degedege, akaona visivyokuwepo, na hata kufa. Akapelekwa hospitali. Alirudi baada ya miezi mitatu, akapangiwa stoo, mbali na foklifti. Mwezi wa nne aliteleza mara moja, na aliyetuambia ni yeye mwenyewe. Leo ana miezi minane bila kunywa. Yumo humu ukumbini, na ameturuhusu tuyaseme haya yote isipokuwa jina lake.

Lakini, Mheshimiwa, alipona kwa hisani, si kwa kanuni. Msimamizi na meneja wake waliamua kukisahau kile kibao kwa siku moja. Yule aliyefukuzwa kabla yake hakukuta watu wa namna hiyo, na hakuna kati yetu anayejua aliko. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini, uliochapishwa mwaka 1996, unataka matatizo haya yachukuliwe kama tatizo lolote la kiafya, bila ubaguzi. Sisi tunaomba kibao chetu kisomeke hivyo.

Tunaomba sera iliyoandikwa, inayomfunga kila mtu kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi. (Mtuwie radhi wakubwa zetu, lakini hafla za ofisini zenye vinywaji hazijawahi kuandaliwa na wafagizi.) Anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada apewe likizo ya matibabu, siri yake itunzwe, na nafasi yake imsubiri. Anayekutwa hafai kushika mashine aondolewe kwenye mashine dakika hiyohiyo, na arudishwe nyumbani kwa gari la kazi, asiachiwe kuendesha lake. Anayekataa matibabu, au anayerudia na kuhatarisha wenzake, taratibu za nidhamu zifuatwe, hatutamtetea. Anayeuza vitu hivyo ndani ya uzio huu hatumwombei chochote.

Kipima ulevi kwa wanaoendesha mitambo tunakiunga mkono. Kinasema hali ya mtu sasa hivi, na hilo ndilo tunalotaka kujua. Kipimo cha mkojo tunaomba kitumiwe kwa busara na majibu yasomwe na mtaalamu, kwa kuwa bangi inaweza kuonekana kwenye mkojo siku nyingi baada ya kuvutwa, na jibu hilo halisemi kama mtu amelewa leo. Wasimamizi nao wafundishwe namna ya kufanya yale mazungumzo ya mlango uliofungwa. Kwa sasa tunaye mmoja tu anayeyaweza, na anakaribia kustaafu.

Kwa upande wetu hakuna tena atakayetia saini ya mwenzake. Tumekubaliana anayeona amwendee kwanza mwenzake mwenyewe, waende pamoja zahanati. Akikataa, msimamizi ataelezwa siku hiyo hiyo, na mwenzetu huyo atajua nani ameeleza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daftari tumelileta, lipo mezani mbele yako, majina yamefunikwa. Kurasa za asubuhi na za jioni tumeziwekea karatasi nyekundu.

Naomba kuwasilisha.